Nyumba aliyoijenga babu, zana alizoziacha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawahusu zaidi watu wa pwani, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Kilwa pamoja na Unguja na Pemba, ambao wamerithi nyumba ya zamani, gofu lake, au sanduku la zana lililokaa uvunguni miaka mingi. Wa bara watapata la kuchukua, ila vifaa vya ujenzi vya kwao ni vingine.

Babu hakuacha hata karatasi moja. Nyumba yake itanieleza nini?

Itakueleza yale ambayo karatasi huwa haziandiki. Hati ya kiwanja hutaja mwenye mali na mipaka, basi. Nyumba huonyesha mwenyewe alikuwa na uwezo gani alipoanza kujenga, na kama uwezo huo ulidumu hadi paa. Huonyesha chumba kilichoongezwa watoto walipozidi, mlango uliozibwa ndugu walipogawana, na jirani aliyeelewana naye kiasi cha kujengeana ukuta mmoja. Zana nazo hutaja kazi yake ya kila siku.

Jina, hata hivyo, nyumba haitaji. Watu wengi wakishaona ukuta wa mawe hutangaza kwamba ukoo wao ulikuwa wa kitajiri tangu enzi. Polepole. Nyumba hununuliwa, huwekwa rehani, hupewa mtu kwa mahari, hutaifishwa. Itumie ikupe maswali, kisha maswali hayo uwapelekee watu na makumbusho ya nyaraka.

Nimekabidhiwa funguo na mafundi wanaanza Jumatatu. Kuna la kufanya kwanza?

Waambie mafundi wasubiri wiki moja zaidi. Hakuna kinachofuta historia ya nyumba haraka kama fundi mwenye bidii na mfuko wa saruji.

Piga picha kila ukuta, kila dari, kila kizingiti, na ndani ya kila picha uweke futi ya fundi ili vipimo vionekane. Anzia barazani, uingie kwa mlango, upite ukumbini, uishie uani na chooni. Chora ramani kwa mkono hata kama hujui kuchora. Palipobanduka chokaa, tazama matabaka: rangi ya juu, chini yake nyingine, chini yake chokaa tupu. Usibandue wewe, pameshabanduka pengine pa kutosha.

Kisha weka ndoo moja ya vitu ambavyo mafundi hutupa kwanza, yaani misumari ya zamani, bawaba, makomeo, vipande vya sahani, sarafu, ncha za boriti zilizokatwa. Kila kitu kiandikiwe kilipotoka. Kipande cha sahani kilichotoka chini ya sakafu ya chumba cha ndani kina maana. Kikichanganywa na takataka za uani kinakuwa takataka.

Ukikuta kitu kimefukiwa chini ya kizingiti, chupa, chungu kidogo au karatasi iliyokunjwa ikashonewa kitambaa, huenda ni fingo, yaani kinga ya nyumba. Mzee wa familia aitwe kwanza. Mengine si ya kupigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp kabla ya wakubwa kujua.

Nitajuaje ni ya miaka gani?

Mahali pa kwanza ni mlangoni. Milango mingi ya kuchonga ina mwaka wa Hijria kwenye kizingiti cha juu au kwenye mfaa (ubao wa katikati ya mlango), kwa tarakimu za Kiarabu. Kuupata mwaka wa Miladi, zidisha kwa 0.97 halafu ujumlishe 622. Mlango wa 1285 ni wa 1868 au 1869. Wa 1317 ni wa 1899 au 1900. Mwaka huo ni wa mlango. Milango huhamishwa, huuzwa, huwekwa kwenye nyumba mpya kwa fahari, kwa hiyo angalia kama miimo inakaa sawasawa na ukuta au imelazimishwa kwa mawe madogo na saruji pembeni.

Ukuta wenyewe una dalili zake. Mawe ya nchi kavu yaliyoshikwa kwa chokaa na mchanga ni kazi ya zamani. Saruji iliyoingia kati ya mawe ni kazi ya ukoloni au baadaye. Saruji ya kuagizwa ng'ambo ilitangulia, lakini ikawa rahisi kupatikana baada ya kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa kuanza kuzalisha mwaka 1954 na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Ukuta wa saruji wa kijijini, familia ikasema ulijengwa zama za Sultani Barghash wa Unguja (1870 hadi 1888), una maelezo ya kutoa.

Misumari ni shahidi mzuri. Iliyofuliwa na mhunzi ina pande nne na kichwa kisicho sawa. Ile ya waya, ya mviringo, ilienea duniani kuelekea mwisho wa karne ya 19. Ukiona aina mbili katika dari moja, kuna ukarabati uliofanyika katikati.

Sarafu hutoa tarehe ya mwanzo tu: kitu hakikufukiwa kabla sarafu haijatengenezwa. Pesa ya shaba yenye picha ya mizani na mwaka wa Hijria 1299 au 1304 ni ya Barghash. Inayofanana nayo yenye jina la Mombasa ni ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, 1888. Heller za Wajerumani zilianza 1904. Senti yenye tundu na neno East Africa ni ya Waingereza.

Kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba namna ile?

Kwa sababu ya mti. Dari ya nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko, hasa mkoko na mkandaa, na boriti iliyonyooka yenye nguvu ya kubeba mawe na chokaa haipiti sana mita mbili na nusu hadi tatu. Upana wa chumba hauwezi kuushinda urefu wa boriti. Urefu wa chumba hauna kizuizi hicho, unaongeza boriti tu. Ndiyo maana chumba cha tajiri na cha mtu wa kawaida vinakaribiana upana.

Hapa kuna kazi nzuri ya kufanya na watoto wakati wa likizo: hesabuni boriti za kila chumba, pimeni unene wake na nafasi kati ya moja na nyingine. Chumba chenye boriti nene zilizobanana kilijengwa mfuko ukiwa umejaa, au kilikusudiwa kubeba ghorofa. Boriti zikianza kuwa nyembamba na kuachana, huenda umeingia kwenye nyongeza ya baadaye, au kwenye mwaka ambao mambo yalikuwa magumu. Wafanyabiashara wa mikoko walizipanga kwa unene na kila unene una jina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Waliziuza kwa korija, na korija ni 20. Kama babu alikuwa mtu wa Lamu au wa delta ya Rufiji, yawezekana hakuwa mnunuzi wa boriti bali mkataji, au baharia wa jahazi lililozipeleka Uarabuni na Ghuba, ambako miti mirefu ni haba na nyumba za kule zilitegemea mikoko ya kwetu. Kenya ilipiga marufuku kuisafirisha nje mwaka 1982, na familia kadhaa za Lamu bado huhesabu matukio yao kwa kabla na baada ya hapo.

Kila chumba kilikuwa cha nani?

Katika nyumba ya mawe ya Lamu unaingia kwa daka, palipo na mabaraza ya kukaa wageni wasiofika mbali, kisha tekani, kipito cha ndani, kisha kiwanda ambacho ndicho uwanja wa ndani ulio wazi juu. Sabule ni ya mgeni mwanamume. Ukivuka kiwanda unapanda misana, kumbi ndefu za familia, na nyuma kabisa ni ndani, chumba cha mwenye nyumba wa kike, chenye zidaka (vishubaka) zilizochongwa kwa chokaa ukuta mzima. Kadiri unavyoingia ndivyo mapambo yanavyozidi, na hiyo yenyewe inaonyesha heshima ya nyumba iliwekwa upande gani. Kuna pia nyumba ya kati, ambako mzazi alijifungulia na maiti alioshewa. Nyumba inayokuzaa na kukuaga katika chumba kimoja ina mengi ya kuulizwa kwa bibi.

Na hapa watafiti wengi wa nyumbani hupotea. Wanamtafuta babu mwenye nyumba, kumbe nyumba ilikuwa ya bibi. Kwa waungwana wa Lamu baba alimjengea au kumpa binti nyumba anapoolewa, na mume akahamia. Familia iliyopata binti wa pili ilijenga juu ya njia, ndiyo ile wikio inayounganisha nyumba mbili kwa ghorofa huku watu wanapita chini. Ukiona wikio, uliza mabinti walikuwa wangapi.

Nyumba za kawaida zenye ukumbi katikati na vyumba pande zote mbili, uani nyuma na kibaraza mbele, zina mpango ulio wazi zaidi. Vyumba vilipangishwa. Wapangaji wa zamani ni mashahidi ambao familia huwasahau.

Nimefungua sanduku la zana. Alikuwa fundi wa nini?

Usiangalie zana moja moja. Kila fundi ana nyundo. Angalia zinavyokaa pamoja.

Tezo, patasi za upana mbalimbali, juba, randa na keekee ya kutobolea na uta wake: huyo ni seremala. Patasi zikiwa nyingi na ndogo ndogo, na nyundo ya mti imeliwa uso, huenda alikuwa mchongaji wa milango na vitanda. Tezo kubwa na keekee yenye ncha ndefu, na chembeu ya kukalafatia pamba kwenye nyufa za mbao, na harufu ya sifa (mafuta ya papa) isiyotoka hata sanduku likioshwa: huyo alitengeneza majahazi. Keekee haijafa, mafundi wa vyombo huko Matondoni, Lamu, na Nungwi, Unguja, wamekuwa wakiendelea kuitumia. Mwiko, timazi, pima maji na uzi ni vya mwashi. Fuawe na koleo ni vya mhunzi. Mizani midogo na kalibu ni vya sonara.

Sasa chukua zana mkononi. Mpini wa mtu aliyeutumia miaka mingi una mahali pa kidole gumba, na kidole chako kitaangukia hapo bila kuelekezwa. Mwiko wa zamani huliwa upande mmoja. Ushike kwa kulia, kisha kwa kushoto, utajua ni mkono upi unaoufanya upande uliolika ukutane na ukuta. Kinoo kilichochimbika katikati kinaonyesha mtu aliyenoa kila siku. Patasi iliyobaki fupi kwa kunolewa, halafu ikawekewa mpini mpya, huyo hakuwa na nyingine, au aliipenda. Yote mawili ni habari.

Chapa kwenye chuma husaidia kuweka tarehe. Sheria ya Uingereza ya 1887 ndiyo iliyolazimisha bidhaa za nje zinazoingia huko kuandikwa zilikotoka, kwa hiyo Made in Germany haitangulii mwaka huo kwa kawaida. Misumeno ya Disston ilitoka Philadelphia, ya Spear & Jackson ilitoka Sheffield, na majembe yenye picha ya mamba yalifuliwa na Chillington huko Wolverhampton. Tezo isiyo na chapa, yenye mkunjo wa ajabu, ipeleke kwa mhunzi. Nyingi zilifuliwa kutokana na springi za malori, na malori tunajua hayakuwapo zamani za mababu wa mababu.

Ushauri ninaousisitiza kuliko wote hapa: wapelekee zana mafundi wazee kabla ya kuzipeleka kwa mtu wa makumbusho. Mtu wa makumbusho atakupa jina na kipindi. Fundi atashika tezo, atapiga ubao mara mbili, atakwambia, "Mwenyewe alikuwa mrefu," au "Hii alikuwa akikatia mbao za ubavuni." Mara nyingine atakwambia alijifunza kwa nani, na ukashangaa jina la babu yako limetajwa.

Kuna cherehani ya Singer ya bibi. Nayo ni ya kuhesabu?

Sana. Tazama namba kwenye kitako. Zenye herufi mbele zilianza 1900. Zilizotangulia ni tarakimu tupu. Herufi F na Y ni za kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofanya kazi 1885 hadi 1980, na orodha za namba na miaka yake zipo kwenye intaneti. Mwaka ukishaujua, swali ni nani aliinunua na kwa fedha gani. Cherehani haikuwa kitu cha bei ndogo, na bibi aliyekuwa nayo mwenyewe huenda alikuwa na biashara ambayo familia imeizoea kuiita kusaidia nyumbani.

Vyombo vya jikoni je?

Kinu, mchi, mbuzi ya nazi, ungo, kifumbu. Vingi vilitengenezwa na mtu wa karibu, kwa hiyo uliza nani alichonga. Tako la mbuzi lililolainika ni la wote waliolikalia, si la bibi peke yake; mabinti wa kazi nao walikuna nazi za nyumba hiyo, na majina yao hutajwa ukiuliza nani alikuwa akipika.

Michoro ya mlango inamaanisha nini?

Inamaanisha kidogo kuliko unavyoambiwa. Waongoza watalii wa Mji Mkongwe wana orodha kamili: samaki ni riziki, mtende ni neema, mnyororo ni nyumba ya mfanyabiashara ya watumwa. Mengine yana msingi, lakini mchongaji alikuwa na vielelezo vyake na mteja alichagua kinachopendeza. Huyo wa mnyororo hasa usimbebeshe babu yako kwa sababu ya mlango tu. Mnyororo upo kwenye milango mingi mno, na wengine husema ni kinga ya nyumba. Vile vile miiba ya shaba: imekuja na mtindo wa Bara Hindi, ambako husemwa kuwa ilizuia tembo. Unguja hatukuwa na tembo wa kupasua milango.

Chenye faida zaidi ni maandishi. Aya ya Kurani, jina la mwenye nyumba, mwaka. Mpelekee picha mtu anayesoma Kiarabu cha zamani vizuri, maana herufi za mchongaji si za kitabuni. Mtindo pia unasaidia: kizingiti cha juu kilichonyooka ni cha kawaida kwa milango ya zamani, na nusu duara yenye majani na maua mengi inaelekea kwa mafundi wa Kihindi na ladha ya mwisho wa karne ya 19.

Familia inasema babu mkubwa aliijenga kwa mikono yake. Ni kweli?

Inategemea alikuwa nani. Nyumba ya udongo, yawezekana kabisa, akisaidiwa na majirani. Nyumba ya mawe ya ghorofa haijengwi na mtu mmoja. Kuna waliokata mawe, waliobeba, waliochoma matumbawe katika tanuri la magogo mpaka yakawa chokaa, walioitwanga sakafu kwa siku kadhaa huku wakiimba. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya kazi hiyo pwani ilifanywa na watumwa. Wengine walikuwa mafundi hasa, waliotumwa kufanya kazi kwa ujira na kumpa bwana sehemu yake.

Kwa hiyo familia mbili zinaweza kuwa na haki ya kusema "nyumba hii ni ya wazee wetu": ya aliyeimiliki na ya aliyeijenga. Mara nyingi ni ya kwanza tu inayosema, na ya pili inaishi mtaa wa nyuma. Nyakati nyingine ni familia moja, maana watoto wa suria walirithi kwa baba yao, na ukoo ukachagua upande mmoja wa kusimulia.

Sijui njia ya kulizungumza hili bila mtu kununa, lakini zana husaidia. Nyumba yenye hati ya muungwana na sanduku la zana za mwashi lililobaki chumba cha uani linauliza swali lenyewe. Waliishi nani chumba cha uani?

Kama huko ndiko wazee wako walikotokea, zipo kumbukumbu. Utumwa kisheria ulikomeshwa Unguja na Pemba 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Unguja waliotaka uhuru walipitia mahakamani na mabwana walilipwa fidia. Pwani ya Kenya nako madai ya fidia yaliandikwa. Wajerumani walitoa vyeti vya uhuru. Frere Town karibu na Mombasa, makazi ya misheni yaliyoanzishwa 1875, ilipokea watumwa waliookolewa kwenye vyombo baharini, na misheni huandika: ubatizo, ndoa, kazi aliyofundishwa kijana. Katika nyaraka hizo mtu mara nyingi ana jina moja tu na jina la bwana wake badala ya la baba. Andika yote mawili. Jina la bwana ndilo litakalokupeleka kwenye nyumba.

Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na imeshaanguka. Nimekosa?

Hujakosa. Nyumba ya fito na udongo ikiachwa bila makuti mapya, mvua inaimaliza ndani ya misimu michache, lakini mahame hubaki. Tafuta kichuguu kirefu chenye umbo la pembe nne, mawe matatu ya meko, kisima, makaburi, na miti. Miembe na minazi haikuota yenyewe kwa mistari. Pwani mnazi unaweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye shamba, na urithi wa minazi hukumbukwa mti kwa mti. Mzee asiyekumbuka mwaka wa kuzaliwa kwake atakuonyesha mnazi wa shangazi yake.

Tanzania Bara wengi waliziacha nyumba zao wakati wa Operesheni Vijiji, hasa 1973 hadi 1976. Wazee waliohamishwa wanajua njia ya kurudi kwenye mahame yao kwa miguu. Nenda nao wangali wana nguvu.

Vipande vya vyungu na sahani vilivyo juu ya ardhi vipige picha. Sahani za Ulaya za karne ya 19 zimetapakaa pwani nzima, na chapa ya Maastricht nyuma yake ni jambo la kawaida. Usichimbe. Kenya na Tanzania zote zina sheria za mambo ya kale, na shimo la mtu asiye mtaalamu huharibu hata kile alichokuwa akikitafuta.

Nimuulize vipi mzee wa miaka 90?

Shikamoo kwanza, habari za nyumba nzima, na siku ya kwanza usitoe simu ya kurekodi. Ukienda na tezo au kufuli la zamani, mwekee mkononi, halafu nyamaza. Mkono unakumbuka haraka kuliko mdomo.

Usiulize "mwaka gani". Uliza kabla au baada ya jambo: Vita vya Pili vya Dunia, kimbunga cha Lindi cha 1952, uhuru, Mapinduzi ya 1964. Kwa yaliyosimuliwa na wazazi wake kuna kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja 1872, vita vya Abushiri vya 1888 na 1889, na Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Uliza nani alikuja kuezeka, nani alipika siku hiyo, nani aligombana na nani juu ya ukuta. Ugomvi hukumbukwa vizuri kuliko harusi.

Wakipingana wazee wawili, andika kauli zote mbili na majina yao. Kazi ya kuamua iache mpaka karatasi zipatikane.

Karatasi zenyewe ziko wapi?

Unguja, nenda Nyaraka za Taifa, Kilimani: kuna hati za mauzo na rehani, mirathi, mambo ya wakfu, nyingi kwa Kiarabu. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana nayo inasimamia nyumba nyingi za wakfu. Nyumba iliyotaifishwa baada ya 1964 ina njia nyingine ya maofisini, ndefu kidogo.

Kenya, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai ya viwanja vyao, na humo hutajwa majirani wa kila upande, jambo linalosaidia sana ukitaka kujua mtaa ulivyokuwa. Makumbusho ya nyaraka ya taifa yapo Moi Avenue, Nairobi. Mombasa uliza pia kwa makamishna wa wakfu na mahakama ya Kadhi.

Tanzania Bara, nyaraka za taifa ziko Dar es Salaam pamoja na majalada ya Wajerumani. Kodi ya nyumba walianza kuikusanya 1898, ndiyo maana nyumba zilihesabiwa. Na kabla ya ofisi zote hizo, fungua misahafu ya nyumbani. Tarehe za kuzaliwa na kufa huandikwa kwenye kurasa za mwanzo au za mwisho.

Kipimo cha DNA kitanisaidia?

Kwa kujua jamaa wa mbali, labda. Hakitakwambia nani alichonga mlango.

Nitunze vipi zana, na ukuta niutengeneze kwa nini?

Zana: vumbi kwa brashi kavu, kisha tone la mafuta ya cherehani kwenye chuma, uzipanguse na kuziweka juu ya rafu mbali na upepo wa bahari. Msasa ni marufuku. Utaondoka na chapa na alama za nyundo pamoja na kutu. Usipake vanishi.

Ukuta wa mawe na chokaa utengenezwe kwa chokaa. Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani, na baada ya miaka michache utaona inabanduka na kuondoka na uso wa jiwe. Unguja, nyumba ikiwa ndani ya Mji Mkongwe, huwezi kuigusa bila Mamlaka ya Mji Mkongwe. Lamu nayo ina masharti yake. Miji yote miwili imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO, Mji Mkongwe tangu 2000 na Lamu tangu 2001.

Niko Muscat (au Toronto, au London) na nyumba iko Unguja. Naanzaje?

Anza na waliomo humo nchini kwako. Familia nyingi zilizoondoka 1964 ziko Oman, na mabibi wa Muscat wanaweza kukuchorea nyumba ya mtaa wa Malindi au Shangani, Mji Mkongwe, chumba kwa chumba wakiwa wamekaa sebuleni. Wachoree karatasi, wakusahihishe. Kisha mtume kijana wa mtaani na simu, awaonyeshe nyumba moja kwa moja huku wao wakielekeza, "Geuka kulia, kuna zidaka pale." Waliomo ndani sasa waombwe ruhusa kwa adabu, na waambiwe wazi kwamba hujaja kudai. Wakiogopa kwamba umekuja kudai, mlango hautafunguliwa.

Ndugu wanataka kuuza mlango kwa mnunuzi wa kigeni. Inaruhusiwa?

Uliza kabla ya kupokea hata arubuni. Sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi ya 2006 inaitaja milango na miimo iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946 kuwa vitu vinavyolindwa. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania Bara ya 1964 ina kifungu cha namna hiyo kwa milango iliyochongwa kabla ya 1940. Kuutoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Unguja, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe. Na hata pale sheria inaporuhusu kuuziana ndani ya nchi, mlango wa nyumba ya mirathi ni wa warithi wote, pamoja na shangazi aliyeolewa Tanga ambaye hakuna aliyempigia simu.